Uma Meno, Uniambie Kama Yanakutana

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi asubuhi kwenye viwanja vya Tangamano, Tanga, mbele ya madereva wa bodaboda, familia zao na wazee wa mitaa. Wengi walikuwa barabarani wakitafuta hesabu ya bosi, wakaomba niiandike yote. Picha nilizoonyesha nimeziacha. Mliokuwepo mnajua kwa nini.

Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu mliokaa kule kivulini, shikamooni. Nanyi vijana mlioegesha pikipiki hapo nje huku jicho moja likitafuta abiria, mambo?

Mwenyekiti wa vijiwe amenipa nusu saa, akaniambia kwa upole kwamba daktari akishika kipaza sauti haachii. Nitajitahidi.

Kabla sijasema lolote, tufanye jambo moja sote. Fumba mdomo. Uma meno taratibu, kama unameza mate. Umeuma? Yanakutana? Meno ya juu yameyakalia ya chini palepale yalipozoea kukaa miaka yote? Haya, kumbuka hali hiyo. Nimekuja na swali hilo moja tu: meno yako yanakutana kama jana?

Kazi yangu ni upasuaji wa kinywa, taya na uso. Nikisema hivyo watu hudhani ni kung'oa meno. Jino nang'oa, sikatai. Lakini siku nyingi nashughulika na mifupa ya uso iliyovunjika, na wengi wa wenye mifupa hiyo, ndugu zangu, wanafanana sana na nyinyi mliovaa reflekta.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita, mimi daktari mpya, ndevu hazijakolea, mji siutaji. Usiku wa Ijumaa analetwa dereva wa boda aliyeparamia lundo la kokoto lililoachwa barabarani bila taa. Mdomo wa chini umechanika, damu kifuani. Nikamsafisha, nikamshona. Nyuzi zilikaa vizuri mpaka nikajisifu moyoni. Nikampa dawa ya maumivu. Alipofika mlangoni akageuka: "Dokta, meno nayasikia kama si yangu." Nikamjibu nini? "Ni uvimbe, kaka. Utashuka."

Akarudi baada ya wiki nne. Uvimbe ulikuwa umeshuka kweli, na chini yake uso ulikuwa umehama. Kidevu kimekwenda upande. Meno ya kulia yanagusana, ya kushoto unapitisha kidole. Ugali alikuwa anaumeza, hautafuni. Na nusu ya mdomo wa chini ilikuwa na ganzi, chai inamwagika kidevuni hana habari. Taya lilikuwa limevunjika mahali pawili, na sasa lilikuwa limeunga, tena limeunga vibaya. Ilibidi apigwe nusu kaputi, tuvunje upya kile ambacho mwili wake ulikuwa umekihangaikia mwezi mzima kukiunga.

Kijana yule alinipa jibu la ugonjwa wake kwa maneno yake mwenyewe. Mimi ndiye sikusikia.

Mfupa wa mkono ukivunjika, mkono unapinda, hata mtoto anaona. Uso hauko hivyo. Uso una damu nyingi na nyama laini, unavimba ndani ya saa chache, na uvimbe unafunika kila kitu. Shavu lililobonyea linaonekana limejaa. Mshono mzuri nao unampumbaza daktari. Lakini meno hayapumbazwi. Ukitafuna wali ukakutana na punje moja ya mchanga, si unaijua papo hapo? Basi mfupa ukisogea unene wa kucha tu, meno yatakwambia. Tunayo eksirei inayozunguka kichwa na kuonyesha taya lote, tunayo siti-skani inayokata uso vipande vyembamba kama mkate, na vyote tunavitumia. Lakini kipimo cha kwanza kiko mdomoni mwako na ni bure.

Na ile ganzi msiidharau. Ndani ya mfupa wa taya la chini unapita mshipa wa fahamu unaotokeza karibu na kidevu. Mfupa ukikatika, mshipa unavutwa au unabanwa. Mtu aliyeanguka akikwambia mdomo wa chini hausikii, usimwambie ni baridi.

Mama zangu, bangili ya kioo ikianguka sakafuni inakatika mahali pamoja? Haikatiki pamoja. Taya la chini nalo limepinda kama bangili, limefungwa kichwani kwa bawaba mbili, moja mbele ya kila sikio. Weka vidole hapo, fungua mdomo, zinacheza. Ukipigwa kidevuni, nguvu inasafiri mpaka kwenye bawaba. Kwa hiyo nikiona ufa kidevuni, siandiki kitu mpaka nimetafuta wa pili.

Kuna binti aliletwa kwangu na bibi yake kutoka upande wa Muheza. Ana miaka kumi na miwili, kidevu kidogo kimerudi nyuma, mdomo unafunguka upana wa kalamu. Wali anausukuma punje punje kupitia pengo la jino. Nikauliza, aliwahi kuanguka? Bibi akafikiri sana. Akasema, "Labda ule mwembe." Alikuwa na miaka minne, akaangukia kidevu, wakamfunga kitambaa, kidonda kikapona baada ya wiki. Bawaba ilikuwa imevunjika ndani, hakuna aliyeangalia, na mfupa ukagandana na fuvu. Kwa mtoto, sehemu hiyo ina kazi katika kukua kwa taya, ndiyo maana kidevu chake kilibaki nyuma. Nilimfungua mdomo kwa upasuaji mkubwa na miezi mingi ya mazoezi. Wakati ule wa mwembe, dawa ingekuwa nini? Mara nyingi mtoto kama yule hahitaji hata kisu. Anahitaji kuonwa, kula laini, na kufanyishwa mazoezi ya kufungua mdomo mapema, na kufuatiliwa anavyokua.

Sasa niseme kuhusu kubebana, maana mwenzenu akianguka nyinyi ndio gari la wagonjwa. Najua mnavyofanya. Mnampakia mshikaki, mmoja mbele, mmoja nyuma, majeruhi katikati na kichwa kinaning'inia. Nia njema, lakini sikilizeni. Taya la chini ndilo linaloushikilia ulimi mbele. Likivunjika pande zote mbili, mtu akalazwa chali, ulimi unarudi nyuma na kuziba koo. Anakufa kwa kukosa hewa huku mnahangaika na damu ya puani. Kama ana fahamu zake, mwache akae, ainamie mbele, damu na mate vitoke nje. Kama hana fahamu, mlazeni ubavu, mmoja ashike kichwa na shingo viende pamoja na mwili, maana kishindo kilichovunja uso kinaweza kuwa kimegusa na shingo. Tafuteni bajaji, tafuteni pikapu. Na mtu anayevuja damu aende hospitali kwanza. Fomu ya polisi, PF3, ndugu mmoja anaweza kuifuata wakati mgonjwa anahudumiwa.

Na jino lililong'oka zima, la ukubwani, si la utoto, liokoteni. Shikeni upande wa kutafunia, msishike mzizi, msilisugue. Kama mwenyewe yuko macho lirudisheni kwenye tundu lake, aume kitambaa. Kama haiwezekani, litieni kwenye maziwa. Nusu saa ya kwanza ndiyo dhahabu. Nimeletewa jino limefungwa kwenye noti ya elfu moja. Noti ilikuwa na afya kuliko jino.

Tupande juu kidogo. Mwaka 1901 daktari Mfaransa, René Le Fort, alichapisha kazi ya ajabu. Alichukua vichwa 35 vya maiti, akavipiga kwa rungu, akavibamiza kwenye ukingo wa meza, kisha akavichambua kimoja kimoja. Mzee wangu pale usikunje uso, aliwafaa watu. Aligundua kwamba uso haupasuki ovyo kama chungu kilichodondoka. Una njia zake tatu za kupasukia, na mpaka leo tunaziita kwa jina lake. Sababu ni kwamba uso umejengwa kama nyumba zetu za pwani: zipo nguzo na boriti ngumu, na katikati yake kuta nyembamba za kujazia. Kuta zile zinavunjika haraka, na zinapovunjika zinameza sehemu ya kishindo ambacho kingekwenda kwenye ubongo. Fundi anayetengeneza nyumba hiyo haanzi na kuta, anasimamisha nguzo.

Mvuvi mmoja wa Sahare alipigwa usoni na foromali, ule mti unaoshika tanga la chombo, upepo ulipogeuka ghafla. Kufika hospitali macho yote mawili yamefumba kwa uvimbe, uso umekuwa mrefu kuliko alivyotoka nao nyumbani. Nikashika meno yake ya juu kwa vidole viwili, nikatikisa pole pole. Dari lote la kinywa likacheza. Na puani yalikuwa yanatiririka maji maangavu, ambayo yeye mwenyewe alisema yana chumvi kooni. Wanawe walikuwa wameziba pua kwa pamba ili yasitoke. Nikaitoa. Yale hayakuwa makamasi, yalikuwa maji yanayouzunguka ubongo, na ukiyazibia njia unawakaribisha wadudu ndani. Mtu wa namna hiyo hapengi kamasi, haingizwi kitu puani, na anaonwa pia na wataalamu wa ubongo. Nikamwambia aende Muhimbili. Akanijibu, "Bahari iko hapa, Dar nikafanye nini?" Kilomita 350 na zaidi, nauli, nani atabaki na mji. Namwelewa. Ilibidi mkewe azungumze naye faraghani, sijui alimwambia nini. Akaenda.

Jambo la jicho nalisemea wazazi na walimu. Mtoto wa miaka tisa, wanacheza mpira, kapigwa kiwiko jichoni. Jicho jeupe pe, halina damu, halina jeraha. Lakini mtoto anatapika, amelegea, anataka kulala. Nyumbani wakasema malaria. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, wakasema basi ni kichwa. Siku ya pili muuguzi mmoja, Mungu amlipe, akamwambia: "Tazama dari." Jicho moja likapanda, la pili likabaki palepale.

Sakafu ya tundu la jicho ni nyembamba kama ganda la yai. Kwa mtu mzima inavunjika. Kwa mtoto mfupa bado una unyevu, unajikunja kama kijiti kibichi, unafunguka na kujifunga tena kama mtego wa panya, na unakamata msuli wa jicho. Msuli ukivutwa ndio mtoto anatapika, hata mapigo ya moyo yanapungua. Hapo hatusubiri uvimbe wala wiki ijayo. Ni upasuaji wa haraka, ndani ya siku moja au mbili, kabla msuli haujafa. Basi mtoto akipigwa karibu na jicho akaanza kutapika, mwambie atazame juu. Kwa watu wazima ulizeni: unaona vitu viwili viwili?

Pua sitaikalia. Ikivunjika, mwangalie ndani: kama ukuta wa katikati umevimba laini kama zabibu na pua imeziba, hilo ni bonge la damu, litolewe siku hiyohiyo. Likiachwa, gegedu, ule mfupa laini wa pua, linakufa na pua inabonyea katikati kama tandiko la punda.

Sasa nakuja kwenye neno zito. Wazee wetu walisema uso umeumbwa na haya. Kweli. Ndiyo maana mtu aliyevunjika mguu anatembelea magongo mchana kweupe, na aliyevunjika uso anajifungia ndani.

Mama mmoja alikuja kwangu amejitanda mtandio mpaka kwenye pua. Akasema aliteleza bafuni. Shavu la kushoto limelala, weupe wa jicho umejaa damu, chini ya jicho hadi mdomo wa juu ganzi, mdomo haufunguki vizuri kwa sababu mfupa wa shavu ulioingia ndani unaigonga taya. Ukiteleza bafuni unaangukia mkono, unaangukia paji, unaangukia kidevu. Alama za vifundo vya ngumi bafu halina. Sikumbishia. Nilimwambia muuguzi amtoe shemeji aliyemsindikiza, nikakaa, nikanyamaza. Alichokisema ni chake na sitakisema hapa. Ninachosema ni kwamba zilikuwa zimepita siku kumi na moja. Siku kumi na moja anangoja uso upoe ndipo aonekane na watu! Mama zangu, dada zangu, haya hiyo si yenu.

Mfupa wa shavu namna ile naurudishaje? Hapa nina hadithi ya Tanga. Wazee wa Raskazone mnaijua vita ya Novemba 1914, Waingereza walipotua hapa na jeshi lao kutoka India, wakapigwa na Wajerumani na askari wao, wakapigwa na nyuki pia. Vita hiyohiyo, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, huko Ulaya iliharibu nyuso za watu kwa maelfu, kwa sababu mwanajeshi ndani ya handaki anachotoa nje ni kichwa. Daktari mmoja mzaliwa wa New Zealand, Harold Gillies, akawapokea. Mwaka 1917 ikafunguliwa hospitali yao Sidcup, nje ya London, na kwenye barabara ya kuelekea huko viti vya kukalia vilipakwa rangi ya buluu, ili wapita njia wajue kwamba aliyekaa hapo huenda uso wake ukawashtua. Haya hiyo nayo haikuwa yao, walikuwa wametoka vitani.

Gillies na wenzake, mwaka 1927, walieleza njia fupi: mkato mdogo ndani ya nywele, juu ya sikio, chuma kinashushwa chini ya mfupa wa shavu, na mfupa unanyanyuliwa. Unasikia "kloki", shavu linakaa. Kovu linabaki chini ya nywele. Ndivyo nilivyomfanyia yule mama. Alipoamka aliomba kioo.

Mtaniuliza, na taya mnalifanyaje? Zipo njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kufunga meno ya juu na ya chini kwa waya, wiki nne hadi sita, yaani meno yenyewe yanakuwa ubao wa kunyooshea mfupa. Ya pili ni kufungua na kuweka pleti ndogo za titani na skrubu, mara nyingi kwa ndani ya mdomo bila kovu la nje. Ya pili inamwacha mtu afungue mdomo mapema, ila ni gharama zaidi, na si kila mahali ipo. Ya kwanza inaponya vizuri mvunjiko mwingi, msiidharau. Nani aende na ipi, hilo linategemea mahali pa mvunjiko, vipande vingapi, meno yaliyopo, na umri. Mtoto mwenye vitumba vya meno ndani ya taya simpigilii skrubu ovyo.

Aliyefungwa waya anaishi kwa mrija. Uji, mtori uliosagwa, supu ya samaki iliyochujwa, maziwa, parachichi kwenye blenda. Mke wa dereva mmoja wa Makorora alisaga pweza na viazi mumewe asipungue. Harufu sikuipenda, uzito alibaki nao. Anasukutua maji ya vuguvugu yenye chumvi kila akila, anaacha sigara. Na kitandani, karibu na mto, panakaa koleo ya kukatia waya, ili akitaka kutapika zikatwe haraka.

Na bibi zangu wa kukanda, msininunie. Uso uliopondeka msiukande kwa maji ya moto wala mafuta. Siku mbili za kwanza ni baridi, na kichwa kikae juu. Kuna kitu kimoja tu wahenga wa Afrika walituzidi: taya lililoteguka. Waganga wa Misri waliandika kwenye mafunjo miaka 3,600 hivi iliyopita kwamba mtu akishindwa kufumba mdomo, tia dole gumba ndani, vidole vingine chini ya kidevu, sukuma. Mwezi uliopita nimemfanyia hivyohivyo mama aliyepiga mwayo harusini.

Mambo ya muda niliyataja kwa vipande, niyaweke pamoja kwa neno moja: wahini. Wiki ya kwanza ni ya kuonwa. Uvimbe unashuka ndani ya siku tano hadi saba, na hapo ndipo tunafanya kazi nzuri. Ikipita wiki ya pili mfupa unaanza kushika, kwa mtoto mapema zaidi.

Helmeti. Nawaona mnacheka. Ile ya nusu, kama bakuli, inalinda fuvu na si haba. Utafiti uliokusanya tafiti nyingi, mwaka 2008, ulionyesha helmeti inapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Lakini bakuli halina kidevu. Taya na shavu viko nje vinaangalia lami. Chukueni ile ya kufunika uso mzima, na mkanda ufungwe. Mnasema joto la Tanga. Nalijua, naishi nalo. Nawajua pia waliopoa.

Nimekuja na boksi la vijiti vya mbao, vile vya kukandamizia ulimi. Hospitali, mtu akiwa ametulia na tukiwa na shaka na taya lake, tunampa aume kijiti kwa magego, kisha tunakisokota. Taya zima linakivunja kijiti. Lililovunjika linaachia kwa maumivu. Msilifanye hilo barabarani kwa majeruhi, hiyo ni kazi yetu. Lakini leo nyinyi wazima nataka mjue nguvu ya taya zima inavyokuwa. Wewe wa reflekta ya kijani, unayecheka tangu nianze, njoo mbele. Kaa hapa. Uma upande wa kulia kwanza. Nasokota sasa. Mmesikia mlio huo? Haya, kushoto.